Rangi Badilisha, Vitufe Viache

Mimi ni mtu wa Midnight Commander, ile programu ya mafaili yenye vidirisha viwili na ubluu mkali, aliyoianzisha Miguel de Icaza mwaka 1994. Nikiingia kwenye seva kwa SSH, yaani kuiendesha kutoka mbali kwa kuandika amri, mc (ndiyo hiyo Midnight Commander kwa kifupi) ndiyo macho yangu. Na nina msimamo unaowaudhi wenzangu wanaopenda kupangua kila kitu: rangi chezea utakavyo, vitufe viache vilivyo.

Ubluu ule unachosha, hasa usiku wa manane. Bonyeza F9, ingia Options, kisha Appearance, uchague skini, yaani seti ya rangi. Mimi natumia nicedark. Ukitaka kuionja tu, andika `mc -S nicedark`. Wa whiptail, programu ya visanduku vya maswali, wana kigezo cha rangi kiitwacho NEWT_COLORS. Menuconfig, menyu ya kupangia kerneli (kiini) ya Linux, ina MENUCONFIG_COLOR, ukiipa neno mono rangi zinaondoka zote. Hakuna anayeumia. Ukihamia mashine nyingine utakuta ubluu uleule, utakunja uso, utaendelea na kazi.

Vidole ndiyo shida. Kitufe cha F5 kwenye kompyuta yangu kilikufa, na F5 ndicho cha kunakili. Nikafungua `~/.config/mc/mc.keymap`, kunakili nikakuhamishia F8, kufuta nikakuachia kitufe cha Delete. Miezi kadhaa nikajiona fundi. Siku moja niko kwenye seva ya mteja, mshale uko juu ya chelezo (nakala ya akiba) la hifadhidata: F8, Enter, chapuchapu kama nilivyozoea. Kule F8 ni kufuta, na jibu linalosubiri Enter ni Yes.

Bahati hifadhidata yenyewe ilikuwa hai, nikatoa chelezo jingine. Jasho lilinitoka hata hivyo.

Wapo watakaosema beba faili lako la vitufe kila uendako. Kwenye seva ya mtu? Hata kwenye mashine yako mwenyewe, ukiingia kama root, mtumiaji mkuu wa mfumo, unasomewa mipangilio ya root, si yako. Nilichobadilisha tangu siku ile ni Safe delete, iliyo ndani ya Options, Configuration: jibu linalosubiri linakuwa No.

Kilichoniuma zaidi nilikisoma baadaye kwenye mwongozo. Esc kisha 5 ni sawa na F5. Vivyo hivyo Esc kisha 0, pale terminali (dirisha la kuandikia amri) inapokupora F10. Njia ilikuwepo muda wote, na iko kwenye kila mc niliyowahi kuikuta.

F5 yangu sijaitengeneza mpaka leo.