Tamthilia za Uingereza zinazokatwa njiani: mwisho anadaiwa nani?

Februari 2013 BBC iliifuta The Hour, tamthilia ya chumba cha habari cha miaka ya 1950, baada ya misimu miwili ya sehemu sita sita. Watazamaji wakaachwa na mwanahabari Freddie Lyon akiwa ametupwa nje ya studio, kapigwa vibaya, haijulikani kama atapona. Septemba mwaka huohuo mwandishi wake, Abi Morgan, alitunukiwa tuzo ya Emmy ya uandishi kwa kazi hiyohiyo.

Mashabiki walilalamika kwamba kituo kimewaacha kwenye mataa. Waliokitetea walijibu kuwa watazamaji walipungua msimu wa pili, na fedha za umma si za kuchezea. Haki ya kufuta kituo kinayo, hilo halina ubishi. Kinachohitaji kuchunguzwa ni saa ambayo uamuzi unatolewa, kwa sababu karibu kila mara mwandishi huwa hana tena uwezo wa kuugusa mwisho wa hadithi yake.

Tazama ratiba. Tamthilia ya sehemu sita za saa moja moja huagizwa msimu mmoja mmoja. Miswada huchukua miezi mingi. Kupiga picha ni takriban wiki mbili kwa kila saa moja ya kurushwa, yaani miezi mitatu hivi. Kisha uhariri, muziki na sauti hula miezi mingine. Sehemu ya kwanza inapokwenda hewani, ya mwisho imeshafungwa zamani. Kituo nacho husubiri takwimu ndipo kiamue. Hivyo anayeandika sehemu ya sita anaandika gizani: akifunga hadithi yote, anajinyima msimu ujao, akiacha mlango wazi, anaweza kufungiwa nje.

Mfumo huu una faida yake, na haifai kuibeza. Kwa kuwa msimu mzima umekwisha kutengenezwa, ni nadra kituo cha Uingereza kuing'oa tamthilia hewani katikati kama ilivyozoeleka Marekani. Kikikata tamaa huihamisha saa tu. Outcasts, hadithi ya walowezi wa sayari ya mbali iliyopigwa picha Afrika Kusini, ilianza mwaka 2011 BBC One saa 3 usiku, saa ya heshima, ikaishia Jumapili usiku baada ya saa 4. Sehemu zote nane zilionyeshwa, kisha ikafutwa na maswali yake yote.

Tena ufupi huohuo ndio uliozaa kazi bora kabisa. Vichekesho vya Fawlty Towers vina sehemu 12 tu, sita za 1975 na sita za 1979, na waliosimamisha ni waandishi wenyewe. The Office, vichekesho vya ofisini, ilifunga kwa misimu miwili na vipindi viwili vya Krismasi ya 2003. Anayedai kila tamthilia iendelee hadi mashabiki waseme basi, anaomba pia uchovu unaokuja nao.

Upande wa fedha, utetezi wa vituo una uzito kuliko mashabiki wanavyokubali. Ada ya leseni ya mwaka, inayolipwa na kaya zenye televisheni na kuiendesha BBC, ilifungiwa kwenye pauni 145.50 kuanzia 2010 hadi 2017 huku gharama zikipanda. Mara nyingi kituo hakilipi gharama yote ya tamthilia kubwa; pengo huzibwa na mbia wa nje, msambazaji anayetanguliza fedha, na tangu Aprili 2013 nafuu ya kodi kwa tamthilia zinazogharimu angalau pauni milioni moja kwa saa. Mguu mmoja ukivunjika, mingine haisimami. Na kila saa inayopewa msimu wa tatu wa kazi yenye watazamaji wachache imenyimwa mwandishi mpya.

Ila takwimu zenyewe ndizo pa kubana. BARB, chombo kinachopima utazamaji Uingereza, kilitumia katika miaka hiyo sampuli ya kaya zipatazo 5,000. Magazeti yalikimbilia hesabu ya usiku uleule, ilhali hesabu kamili ni ya siku saba, inayojumlisha waliorekodi. Tamthilia za vijana na za njozi ndizo zilizopunjwa zaidi, kwa kuwa watazamaji wao ndio waliokuwa wa kwanza kuacha kuangalia kwa saa ya kituo. BBC ina pia kipimo cha kuridhika kwa mtazamaji, alama kati ya 100, na tamthilia ndogo inaweza kupata alama nzuri huko bila kunusurika.

In the Flesh ni mfano unaouma. Hadithi ya wafu waliofufuka na kutibiwa, kisha kurudishwa kijijini kwa majirani wanaowachukia, ilikuwa BBC Three: sehemu tatu mwaka 2013, tuzo ya BAFTA, sehemu sita mwaka 2014. Machi 2014 BBC ikatangaza mpango wa kukitoa kituo hicho hewani kwenda intaneti, na bajeti ikapunguzwa. Januari 2015 tamthilia ikafutwa. Utopia ya Channel 4 ilifutwa Oktoba 2014 msimu wa pili ukiwa umeisha kwa mafumbo zaidi kuliko ulivyoanza. Novemba ikashinda Emmy ya kimataifa ya tamthilia bora. Tuzo hazilipi mishahara, sawa. Ila kituo kinachojitangaza kwa tuzo hizo kina haya ya kuona.

Lawama nusu ni ya waandishi, na hapa mashabiki huwa hawapendi kusikia. Mwisho wa kuacha watu roho juu mara nyingi ni mkono wa kumshika mkuu wa kituo shati: ukitufuta, watu watakusumbua. Mkuu huyo hashikiki. Mwandishi Chris Boucher alifanya vizuri zaidi katika Blake's 7, tamthilia ya BBC ya waasi wa anga za juu. Sehemu ya 52, iliyorushwa tarehe 21 Desemba 1981, inamuua Blake waziwazi, kwa kuwa mwigizaji Gareth Thomas alitaka asirudishwe tena, halafu wenzake wanaanguka mmoja mmoja na Avon anabaki peke yake, kazungukwa na bunduki. Msimu mwingine ungeweza kuandikwa. Haukuja, na bado watu wanauita mwisho. Mlango uliachwa wazi bila kuifanya nyumba ionekane haijaisha kujengwa.

Wakati mwingine hakuna wa kulaumu. The Sandbaggers, tamthilia ya kijasusi ya Yorkshire Television, ilimpoteza muumba wake Ian Mackintosh Julai 1979, ndege ndogo aliyopanda ilipotoweka baharini karibu na Alaska. Msimu wa tatu ulirushwa mwaka 1980, ukaisha na swali lisilojibiwa. Kuajiri mwandishi mwingine aiendeleze baada ya hapo kungewezekana. Nadhani kuiacha kulikuwa heshima zaidi.

Kuokolewa nako kuna masharti. Tangu sheria ya mawasiliano ya 2003, kampuni huru za utayarishaji hubaki na haki za kazi zao na kukiuzia kituo leseni, kwa hiyo zinaweza kwenda kubisha hodi kwingine. Kituo cha ITV kilipoifuta Primeval Juni 2009, wahusika wakuu wakiwa wamekwama nyakati za kale, mkataba mpya ulipatikana ndani ya miezi michache kwa kuunganisha fedha za ITV, UKTV, BBC Worldwide na ProSieben ya Ujerumani. Utayarishaji ukahamia Dublin. Ripper Street, iliyofutwa na BBC Desemba 2013, ilichukuliwa na Amazon na kufika msimu wa tano. Zote mbili ziliwahi kabla vitu havijatawanyika. Mkataba wa mwigizaji humfunga kwa msimu ujao hadi tarehe fulani tu. Ikipita bila agizo, yuko huru. Seti hubomolewa, kwa kuwa ghala linalipiwa kila wiki. Ndiyo maana kampeni ya mashabiki inayoanza mwaka mmoja baadaye hukuta hakuna cha kuokoa.

Linganisha na tamthilia zinazorushwa mwaka mzima. Holby City ilipewa taarifa Juni 2021 na kufungwa Machi 2022. Doctors ilitangaziwa Oktoba 2023, ikaisha Novemba 2024. Wote walipata muda wa kuwafikisha wahusika nyumbani, kwa sababu kiwanda kinachofanya kazi bila kusimama hakifungiki ghafla. Tamthilia ya sehemu sita haina kiwanda, basi haina notisi.

Ningependelea suluhisho lipatikane ndani ya ratiba ya upigaji picha. Kurudi baadaye kupiga saa moja ya kufungia hadithi ni ghali mno: seti upya, wafanyakazi upya, waigizaji waliokwisha kwenda kwingine. Lakini siku moja au mbili za nyongeza, wote wakiwa bado wapo, zinatosha kupiga dakika tano za mwisho mwingine na kuzihifadhi. Watayarishaji hukataa kwa sababu inayoeleweka: kituo kikijua mwisho upo kabatini, kufuta kunakuwa rahisi. Kwa hiyo gharama ya siku hizo inapaswa kubebwa na kituo, iandikwe kwenye mkataba wa kwanza kabisa, kabla yeyote hajajua kama tamthilia itapendwa.