Ruzuku za warsha za miji endelevu: tunalaumu kikao, tunasahau masharti

Kwa wanaoijua kazi ya mipango miji hapa Dar es Salaam, kuna kauli isiyokosa kusikika kila mvua za masika zinapofunga barabara pale Jangwani: kwamba warsha hazichimbi mtaro. Wanaoisema si watu wa kubeza elimu. Ni wahandisi wa manispaa, wenyeviti wa serikali za mitaa, na hata wahadhiri waliokwisha kukaa katika kumbi nyingi za hoteli, wakasaini fomu za mahudhurio, wakapokea posho na kurudi nyumbani na begi la kitambaa lenye nembo za wafadhili watatu. Wanapoziangalia ruzuku zinazotolewa na nchi za nje ili kuwakutanisha watafiti wa nchi mbili au zaidi wajadili teknolojia za miji endelevu, wanauliza kwa nini fedha hizo zisiende moja kwa moja kwenye makalavati na mabomba. Swali hilo linastahili kujibiwa kwa uangalifu, hasa wakati huu ambapo fedha zenyewe zinazidi kupungua.

Sehemu kubwa ya lawama hiyo ni ya kweli, na anayeitetea ruzuku ya warsha bila kulikiri hilo hasaidii kitu. Utaratibu wa kawaida unajulikana. Mtafiti mkuu yuko katika nchi inayotoa fedha, mtafiti mwenza yuko hapa, na mara nyingi huyu wa hapa huletewa andiko la mradi likiwa limekwisha kupata mada, ratiba na matokeo yanayotarajiwa, akabakiziwa siku chache za kuongeza wasifu wake na barua ya mkuu wa idara. Mada huwa ni miji janja, yaani inayoendeshwa kwa teknolojia ya kidijitali, na vihisio vya kupima hewa, wakati mhandisi wa Temeke anahangaika na vyoo vya shimo vinavyofurika kila masika. Ruzuku hulipia tiketi, malazi, chakula na ukumbi. Siku ya mwisho hupigwa picha ya pamoja, na baada ya hapo hakuna kasma, yaani fungu la fedha, ya kuendeleza lolote lililokubaliwa. Warsha ikifanyika Ulaya, kijana wa Chuo Kikuu Ardhi hulipa ada ya viza ya Schengen, ambayo ilipanda kutoka euro 80 hadi 90 mwezi Juni 2024 na ambayo hairudishwi hata akinyimwa.

Wapo pia wanaokumbusha kwamba Dar es Salaam si mgeni wa mipango ya namna hii. Mwaka 1992 jiji lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kuingia katika mpango wa miji endelevu wa Umoja wa Mataifa, na vikundi kazi vikakaa kujadili taka, makazi holela na usafiri. Miaka zaidi ya 30 imepita, wakazi wamefika 5,383,728 kwa sensa ya 2022, na maneno mengi ya wakati ule yangali yakirudiwa katika utangulizi wa maandiko mapya.

Hata hivyo, lawama hii inaunganisha mambo mawili yaliyopaswa kutenganishwa. Jambo la kwanza ni kukutana kwenyewe, yaani watu wa miji yenye shida zinazofanana kukaa meza moja, kuonyeshana kazi na kufundishana. La pili ni masharti yanayoambatana na fedha za kukutana huko: nani anachagua swali, nani anashika kasma, na nini kinafuata baada ya siku tano. Karibu kila kasoro niliyoitaja hapo juu imo katika la pili. Tukilikataa la kwanza kwa makosa ya la pili, tutapoteza kitu ambacho jiji hili limekwisha kukitumia kwa faida kubwa kuliko wengi wanavyokumbuka.

Mfano ulio karibu ni wa ramani. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kuchora ramani ya mtaa wao kwa vifaa vya GPS na programu huria, kwa sababu katika ramani rasmi eneo lao lilionekana kama pori tupu. Mwaka 2011 walioianzisha kazi ile walikuja Tandale, wakakaa na wanafunzi wa mipango miji wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi, na njia, visima, mitaro na maduka ya Tandale yakaingia kwenye ramani inayoonekana na kila mtu. Mwezi Desemba mwaka huohuo ikaja mvua iliyoua watu wapatao 40 jijini, na uhitaji wa ramani za namna ile ukawa dhahiri kwa kila mwenye dhamana. Mwaka 2015 ukazaliwa mradi wa Ramani Huria, uliowakutanisha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH, Chuo Kikuu Ardhi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Msalaba Mwekundu na Benki ya Dunia. Wanafunzi na wakazi wakaingia kata kwa kata, wakapima upana na kina cha mitaro, wakarusha ndege zisizo na rubani, na kuziunganisha data zao na InaSAFE, programu iliyotengenezwa Indonesia kwa msaada wa Australia kwa ajili ya kukadiria madhara ya majanga, mafuriko yakiwemo.

Ninaomba msomaji atulie hapa kidogo. Nairobi, Dar es Salaam, Jakarta: miji mitatu yenye makazi yaliyobanana na maji yasiyo na pa kwenda. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo uliokuwa na jibu zima. Kilichowezesha jibu kusafiri hakikuwa ripoti, kwa sababu ripoti ya Kibera haiwezi kumfundisha mwanafunzi wa Dar namna ya kumwomba mjumbe ruhusa ya kuingia kwenye uchochoro, wala namna ya kurekebisha kosa la mita 8 kwenye kifaa wakati jua la saa sita liko utosini. Mambo hayo hufundishwa na mtu kwa mtu, wote wawili wakiwa wamesimama kwenye matope yaleyale. Fedha zilizowasafirisha watu hao, ziitwe ruzuku, ziitwe ufadhili, zilikuwa za aina hiihii tunayoambiwa kwamba haichimbi mtaro.

Na waliofundishwa hawakupotea. Mwezi Agosti 2018 Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa dunia wa programu huria za ramani, FOSS4G, na vijana waliowahi kutembea Tandale na Manzese na vijitabu vya kuandikia walisimama mbele ya wageni wa mabara yote wakieleza kazi yao. Kutokana na Ramani Huria limekua shirika la Kitanzania linalofanya kazi hiyo hadi leo, OpenMap Development Tanzania. Chuo Kikuu cha Turku cha Finland nacho kiliungana na vyuo vikuu vya Ardhi, Dar es Salaam, Sokoine na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar katika programu ambayo wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo hukusanya data za majengo, miti na mitaro, na data hizo hubaki wazi kwa yeyote anayezihitaji. Mkaguzi wa mfadhili akiuliza warsha ya 2011 ilizaa nini, jibu la ripoti ya mwaka 2012 lingekuwa ramani ya kata moja. Jibu la kweli lilihitaji miaka 7 kuonekana.

Niliwahi kuhudhuria kikao cha namna hiyo katika ofisi ya kata moja ya bonde la Msimbazi, mto unaopita katikati ya jiji. Mgeni alikuwa ameleta kielelezo cha mafuriko kwenye kompyuta, na rangi ya buluu ilipanda kutoka mtoni kuelekea nyumbani kwa watu. Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango, ambaye kazi yake ni kukaanga vitumbua, aliinua mkono na kusema maji hayaji hivyo. Alisimama, akaweka kiganja kiunoni kuonyesha yalipofika, kisha akaeleza kwamba kwao huanzia nyuma, kwenye mtaro wa barabara ulioziba, na mto hufuata saa kadhaa baadaye. Mgeni hakubisha. Alimwomba achore, na mama akachora kwa kalamu ya mwanafunzi juu ya karatasi iliyotandazwa mezani. Mchana huo kielelezo kilirekebishwa. Ukihesabu gharama za kikao kile, utaona soda, chapati, nauli na tiketi moja ya ndege. Lakini mtaro uliosanifiwa kwa kielelezo cha asubuhi na ule uliosanifiwa kwa kielelezo cha jioni ni mitaro miwili tofauti.

Wapinzani watajibu kwa Jangwani, na hiyo ndiyo hoja yao yenye nguvu kuliko zote. Mabasi yaendayo haraka yalianza kazi mwezi Mei 2016, na karakana yake iliwekwa Jangwani, katikati ya bonde hilohilo la Msimbazi, ambalo kila mzee wa Magomeni anajua kwamba hujaa maji. Imefurika mara kwa mara, mabasi yakaharibika na huduma ikasimama. Elimu ya bonde lile haikukosekana. Ilikuwepo, na haikufuatwa. Kwa hiyo, wanasema, kuongeza elimu kwa warsha nyingine ni kumimina maji kwenye pipa lililotoboka. Ninaikubali nusu ya hoja hii. Warsha haina mamlaka ya kumzuia mwenye mamlaka. Lakini tukitazama kilichofanyika mwaka 2018, mwaka wa mafuriko mengine ya mwezi Aprili, ndipo nusu ya pili inapobadilika.

Katika mwaka huo wa 2018 ziliendeshwa warsha za usanifu shirikishi kuhusu Msimbazi, kwa ufadhili wa Uingereza kupitia Benki ya Dunia na kwa wataalamu wa maji kutoka Uholanzi. Washiriki wapatao 200 walikaa kwa awamu, kwa miezi: maofisa wa wizara, manispaa, wahandisi, wakazi wa bondeni. Kazi ile ilizaa mpango wa bonde zima, ulioeleza wapi mto upanuliwe, wapi daraja la Jangwani liinuliwe, wapi karakana ihamishwe na wapi pawe bustani ya jiji inayoruhusiwa kupokea maji. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya Mradi wa Bonde la Msimbazi, uliojengwa juu ya mpango huo. Wapo wakazi waliolalamikia fidia, na malalamiko yao yanapaswa kusikilizwa kwa haki zote. Warsha nzuri haiondoi wajibu huo. Ila kwa anayesema vikao havichimbi mtaro, itambidi aeleze mtaro huu mkubwa ulianzia wapi. Ulianzia kwenye karatasi zilizobandikwa ukutani, watu wakibishana kwa Kiswahili na Kiingereza kuhusu mstari mmoja wa wino.

Tatizo linalonisumbua zaidi ya posho na mabegi ni udhaifu wa chanzo cha fedha. Mwaka 2021 Uingereza ilishusha misaada yake kutoka asilimia 0.7 ya pato lake la taifa hadi 0.5, na taasisi yake kuu ya kufadhili utafiti ikatangaza kwamba kuna pengo la pauni milioni 120 kati ya fedha ilizoahidi na zilizopo. Haikuwa miradi mipya iliyositishwa peke yake. Miradi iliyokuwa njiani, yenye wasaidizi wa utafiti walioajiriwa na mikutano iliyopangwa, ilikatwa katikati. Mwezi Februari 2025 ikatangazwa kwamba kiwango kitashuka hadi 0.3 ifikapo 2027. Mwezi Julai mwaka huohuo Marekani ikalifunga shirika lake la misaada. Mtafiti mwenza wa hapa hakuulizwa katika uamuzi hata mmoja kati ya hayo, na kwa utaratibu uliopo hakuwa na pa kuuliza.

Hapo ndipo lawama ingepaswa kuelekezwa, na sehemu yake inatuangukia wenyewe. Nchi za Afrika ziliazimia kutumia angalau asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti na maendeleo, na sisi hatujafika. Tunao Mfuko wa Taifa wa Uendelezaji wa Sayansi na Teknolojia, MTUSATE, chini ya COSTECH. Kama mfuko huo ungetenga kasma ndogo ya kila mwaka kwa ajili ya hatua inayofuata warsha, yaani miezi 12 ya kazi ya uwandani kwa timu zilizokwisha kukutana kwa fedha za nje, mtafiti wa hapa angeingia kwenye mazungumzo ya andiko akiwa na kitu mkononi. Angeweza kusema: swali letu ni vyoo vya shimo na mitaro, na nusu ya pili ya kazi tunaigharimia sisi. Mfadhili asiyetaka swali hilo aende zake.

Vilevile si lazima wageni watoke mbali. Beira, Msumbiji, ilifufua mto wake wa Chiveve na kuusafisha kabla ya kimbunga Idai kuupiga mji huo mwezi Machi 2019, katika kazi iliyohusisha pia bustani ya kupokea maji. Wahandisi wake wanajua nini kilihimili na nini hakikuhimili, na ni ujuzi uleule tunaouhitaji kabla bustani ya Msimbazi haijakamilika. Mtanzania haombi viza kwenda Msumbiji. Gharama ya kuwaleta watu wanane kutoka Beira kwa siku tano, wakalala Magomeni na kutembea bonde la chini kuanzia Kigogo hadi daraja la Salender, ni ndogo mno ukiilinganisha na mkopo ule wa dola milioni 200, na kazi hiyo ingepaswa kufanyika kabla ya masika yajayo.