Jaribuni Sheli Tupu Kwanza

Miaka kadhaa iliyopita niliongeza mstari mmoja wa salamu katika ~/.bashrc, faili la mipangilio ya Bash (programu inayopokea amri tunazoziandika), kwenye seva niliyokuwa nikiitunza, ili kila nikiingia nikaribishwe. Tangu jioni hiyo kila jaribio la kunakili mafaili kupitia mtandao kwa amri ya scp likawa linakatika, nami nikakesha nikiushuku mtandao, ilhali mkosaji alikuwa salamu yangu mwenyewe: kwenye seva ile Bash ilisoma ~/.bashrc hata ilipoitwa kutoka mbali kutekeleza amri moja, na maneno yangu ya ukarimu yakajipenyeza ndani ya data ambayo scp ilikuwa ikiisubiri.

Kwa hiyo naamini kwamba wanagenzi wetu tunawafundisha kinyumenyume. Tunawakabidhi ~/.bashrc iliyosheheni rangi na lakabu za amri kabla ya kuwaonyesha sheli (si ile ya kujazia mafuta, bali programu ya kupokea amri kama Bash) inavyoanza ikiwa haina kitu.

Bash ikianzishwa kama sheli ya kuingia, yaani ile inayomlaki mtumiaji anapoingia kwenye mfumo, kwa mfano kwa chaguo la -l, husoma /etc/profile, kisha hutafuta ~/.bash_profile, ~/.bash_login na ~/.profile kwa mpangilio huo, na kusoma lile la kwanza tu inaloliona. Hilo neno "tu" limewatesa wengi, kwa kuwa programu ikikuundia ~/.bash_profile mpya wakati wa kusakinishwa, ~/.profile yako ya miaka mingi hunyamaza bila kuguswa hata herufi moja. Sheli ya mazungumzo (inayosubiri uiandikie amri moja moja) isiyo ya kuingia husoma ~/.bashrc, na ile inayoendesha skripti, yaani faili la amri zilizoandikwa tayari, kwa kawaida haisomi lolote kati ya hayo, isipokuwa faili lililotajwa katika kigezo cha mazingira kiitwacho BASH_ENV. Terminali (dirisha la kuandikia amri) ya macOS hufungua sheli za kuingia, ilhali terminali nyingi za Linux hazifanyi hivyo, na ndiyo maana mipangilio iliyonakiliwa kutoka kwa rafiki hukubali huku na kugoma kule.

Ninachopendekeza ni kwamba skripti yoyote ijaribiwe kwanza ndani ya bash --noprofile --norc, sheli tupu isiyosoma mafaili hayo ya kuanzia. Hata hivyo sheli hiyo bado hurithi PATH (orodha ya mahali sheli inapotafuta programu) na vigezo vingine vya mazingira kutoka kwa iliyoizaa, hivyo anayetaka kuivua kila kitu aandike env -i bash --noprofile --norc. Kwa watumiaji wa zsh, sheli nyingine, lipo chaguo la -f, ingawa hata nalo huacha faili la mfumo /etc/zshenv lisomwe. Skripti inayoshindwa humo mara nyingi itashindwa pia usiku, pale cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, itakapoiendesha ikiwa na PATH fupi.

Wapo wanaotibu tatizo hilo kwa kuiamuru cron iite bash -l. Sikubaliani nao, kwa sababu skripti inabaki ikitegemea faili la binafsi la mtu ambaye kesho anaweza kulibadilisha bila kumwambia yeyote. Njia za programu inazozihitaji ziandikwe ndani ya skripti yenyewe, hata kama zitaonekana ndefu na za kuchosha.

Salamu yangu sikuifuta. Niliihamishia ~/.profile, mahali ambapo scp haipiti, na nilijizuia kuunda ~/.bash_profile kwa ajili yake.