PyQt au PySide: leseni mbili, programu moja ya ghala la mahindi

Kijana mmoja ninayemfahamu hapa Dodoma ametengeneza programu ya hesabu za ghala la mahindi Kibaigwa. Mwenye ghala anaandika jina la mkulima, kilo zilizosomeka kwenye mizani na bei ya siku. Chini ya dirisha inatoka jumla, kisha risiti ya kuchapa. Wenye maghala wengine wawili wameiona na wanaitaka. Ndipo akaniletea swali: anataka kuiuza ghala kwa ghala bila kumpa mtu msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, lakini madirisha na vitufe vyote amevijenga kwa PyQt, maktaba ya lugha ya Python ya kujengea madirisha, aliyoipakua bila kulipa. Anaruhusiwa?

Kwa namna hiyo, hapana. PyQt inatolewa na kampuni ya Riverbank Computing ya Uingereza kwa njia mbili: leseni ya GPL toleo la 3, au leseni ya kibiashara ya kulipia. Asiyelipa yuko chini ya GPL, na GPL inataka ukimpa mtu programu umpe na msimbo wake, akiwa huru kuusoma, kuubadili na kumpa mwingine. Sharti hilo haliishii kwenye madirisha. Linashika programu nzima, pamoja na zile hesabu za magunia alizokesha akizipanga.

Wapo wanaomwambia aendelee tu, nani atatoka Uingereza kuja kukagua kompyuta za Kibaigwa? Siikubali hoja hii. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta, na kijana huyu ndiye wa kwanza atakayeihitaji siku mtu akiinakili programu yake kwenye flashi na kwenda kuiuza Kongwa. Hawezi kudai kwake kile anachowanyima waliomtangulia.

Hoja ya kupimwa kwa makini iko kwingine: kwa nini asiikubali tu hiyo GPL? Wengi wanaiogopa bila kuisoma. GPL haikatazi kuuza, na bei anapanga mwenyewe. Haimlazimishi kuweka msimbo hadharani kwa dunia nzima. Anayestahili kuupata ni yule aliyepewa programu. Na ghala likiitumia ndani kwa shughuli zake, bila kuigawa, halidaiwi chochote.

Kisha mtazame mnunuzi. Mwenye ghala yule wa kwanza alimwambia, "Kijana wangu, mimi nataka kilo zitoke sawa na simu yangu upokee." Analipia huduma. Siku kijana akipata ajira Dar es Salaam na kuacha kupokea simu, mwenye ghala asiye na msimbo amebaki na programu ambayo hakuna fundi anayeweza kuirekebisha, tena katikati ya msimu wa mavuno, malori yamepanga foleni nje. Akiwa na msimbo, anamtafuta fundi mwingine kazi inaendelea. Kwangu hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote upande wa GPL, na inamhusu mteja kuliko sisi tunaoandika programu.

Lakini uhuru uleule unamruhusu mteja wa kwanza kumpa jirani yake programu, bure, kwa haki kabisa. Kampuni yenye wateja elfu inaweza kulibeba hilo. Mtu ambaye soko lake ni maghala machache yanayotazamana barabara moja hawezi. Nakala moja ikivuka barabara, mapato ya mwaka yamekwisha. Siwezi kumwambia kijana anayelipa kodi ya chumba Nkuhungu kwamba hofu hiyo ni ya uchoyo.

Ugomvi huu una historia ndefu, na umeshagharimu watu kazi kubwa. PyQt imejengwa juu ya Qt, maktaba ya madirisha iliyotoka kwa kampuni ya Trolltech ya Norway. Mwaka 1996 Matthias Ettrich alianzisha KDE, mradi wa mazingira ya dawati kwa Linux, juu ya Qt wakati leseni yake bado haikuwa huria. Mwaka uliofuata Miguel de Icaza na Federico Mena wakaanzisha GNOME, mradi mwingine wa aina hiyo, juu ya maktaba ya GTK, yenye leseni ya LGPL iliyo legevu kuliko GPL, kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 1998 Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, ikaiondoa KDE kwa sababu leseni ya Qt iligongana na GPL iliyotumiwa na KDE, na hata leseni mpya ya Trolltech, QPL, bado ikagongana nayo. Ni mwaka 2000 tu Qt ya Linux ilipopewa GPL. Nokia ikainunua Trolltech mwaka 2008, na mwaka 2009 ikaongeza LGPL. Haikuafikiana na Riverbank kuhusu kuipa PyQt leseni hiyo, ikaanzisha PySide, maktaba yake mbadala wa PyQt.

Kwa hiyo zipo maktaba mbili za Python zinazofanana karibu kila kitu, zikiwa na leseni tofauti. Kwa LGPL ya PySide, msimbo wako unabaki wako: uufunge au uufungue. Unachodaiwa ni pamoja na kutaja kwamba umetumia Qt, kuambatanisha maandishi ya leseni, na kutomzuia mtumiaji kubadili Qt yenyewe. Hili la mwisho linasahaulika. Ukifunga programu kwa PyInstaller, zana ya kufungasha programu za Python, katika faili moja, maktaba zote zinamezwa humo. Ukichagua folda, Qt6Core.dll na Qt6Widgets.dll zinaonekana na zinaweza kubadilishwa. Mimi ningechagua folda, hata kama haipendezi kwenye flashi.

Ushauri wangu ulikuwa ahamie PySide, na kila mteja amuuzie msimbo pia kwa mkataba wa kuutumia ghalani mwake tu. Mwenye ghala anapata kinga ya siku ya dharura, na kijana halipotezi soko. Atakayeona GPL ni bora na aichague, mradi aichague mwenyewe, isije ikamkuta kwa sababu ya amri moja ya pip, kipakuzi cha maktaba za Python. Tkinter, maktaba ya madirisha inayokuja na Python, nayo ingemtosha kwa leseni, ila meza zake za takwimu zingemtesa.

Kuhama kulichukua jioni moja. PyQt6 ikawa PySide6, pyqtSignal ikawa Signal, pyqtSlot ikawa Slot. Tulidhani tumemaliza hadi tulipofika kwenye grafu ya bei ya mahindi, iliyochorwa kwa Qt Charts. Sehemu hiyo ya Qt haimo kwenye LGPL: ni GPL toleo la 3 au ya kulipia. Grafu moja ingeirudisha programu yote ilikotoka. Ameichora upya kwa Matplotlib, maktaba ya kuchora grafu ambayo leseni yake haidai msimbo, na mistari ya bei sasa ni ya kijani badala ya bluu.