Ini lililofungwa mishipa si ini la mgonjwa wetu

Jana usiku kundi la WhatsApp la mtaa wetu hapa Lamu liliwaka moto. Mtu alileta habari ya mashine ya kusaidia ini iliyojaribiwa kwa nguruwe, na kufumba na kufumbua mjadala mzima ukawa uharamu wa nguruwe. Maalim mmoja alijaribu kuwakumbusha watu hukumu ya dharura, kwamba penye hatari ya kufa kilicho haramu huruhusiwa, hakusikilizwa. Nilikasirika, kwa sababu hakuna aliyeuliza nguruwe huyo aliumwa nini.

Mara nyingi ugonjwa wenyewe ni kisu. Mnyama hupigwa nusukaputi, tumbo hufunguliwa, na mishipa inayopeleka damu kwenye ini hufungwa. Baada ya saa kadhaa amonia, taka ambayo ini huiondoa kwenye damu, imepanda, sukari imeshuka, damu haigandi, ubongo unavimba. Hapo huunganishwa na mashine, na watafiti huhesabu saa alizoongezewa.

Jamani, ini likipewa muda hujijenga upya. Kazi ya mashine hizi ni kumshikilia mgonjwa hai mpaka ini lake lizinduke, au lipatikane la kupandikizwa. Ini lililonyimwa damu yote halizinduki tena, limeshakufa. Basi mashine inapimwa kwa mnyama asiyeweza kupona hata iwe bora namna gani, halafu ikifika kwa binadamu inakwama. HepatAssist, iliyopitisha plazima ya mgonjwa, yaani majimaji ya damu yake, kwenye seli hai za ini la nguruwe, ilijaribiwa kwa wagonjwa 171 na matokeo yakachapishwa 2004. Baada ya siku 30, asilimia 71 ya waliounganishwa nayo walikuwa hai, na asilimia 62 ya wasiounganishwa. Kitakwimu, tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kitu.

Na onyo lilikuwapo. Terblanche na Hickman wa Cape Town waliandika mwaka 1991 kwamba ugonjwa anaopewa mnyama uwe unaweza kupona, afe kwa sababu ya ini na si jingine, na uwepo muda wa kumtibu.

Nakubali, shingo upande, kwamba kisu kina faida yake: wanyama wote huugua saa moja na kwa namna moja, kwa hiyo kulinganisha ni rahisi. Kumuuguza mnyama kwa sumu badala ya kisu kuna vurugu. Parasetamo inayoua ini la panya mdogo wa maabara haimsumbui sana panya mkubwa, na kwa nguruwe kipimo kile kile humlaza mmoja na kumwacha mwingine amesimama.

Lakini sisi tunakufa kwa nini? Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na jirani zao, mahindi yenye sumu ya kuvu yaliwafanya watu 317 waugue, na 125 wakafa. Huku kwetu ni homa ya ini, ni dawa, na ni kuchelewa. Binamu yangu alikuwa mshonaji wa kofia za vito. Macho yalipoanza kugeuka manjano hatukushtuka sana. Tulishtuka siku tulipomkuta na sindano mkononi, anatoboa tundu lile lile tena na tena, wala haoni kama uzi umekwisha. Boti mpaka Mokowe, upande wa bara, kisha barabara ndefu ya Mombasa. Alifika hajitambui, na hakurudi.

Mnyama wa maabara hangojei boti. Nataka kuona jaribio ambalo mnyama ameugua kwa virusi au kwa sumu ya kuvu, amedhoofika, ameachwa mpaka amechanganyikiwa, ndipo mashine iwashwe. Ni ukatili, najua, na naandika haya kwa uzito. Lakini kumtesa kiumbe kwa jaribio lisilomfaa mgonjwa ni dhambi kubwa zaidi, awe nguruwe au punda.

Kwa sasa linalonipa matumaini ni kubadilisha plazima kwa wingi, yaani kutoa ya mgonjwa na kumwekea ya wachangia damu. Katika jaribio la wagonjwa 182 wa ini lililofeli ghafla, lililochapishwa 2016, asilimia 58.7 ya waliobadilishiwa walitoka hospitali hai, dhidi ya 47.8 ya wasiobadilishiwa. Kinachotakiwa ni plazima nyingi kutoka kwa wachangia damu, mashine ya kuitenganisha, na wauguzi waliofunzwa. Pesa za pwani zikipatikana, naomba zianzie hapo.