Gurudumu Linaoga Kunishinda

Jamani, hapa Igurusi, bonde la Usangu, mimi ndiye mwanamume pekee ninayeamka alfajiri kuogesha gurudumu. La mti, lenye tindi kumi na mbili, yaani vijiti vya kutoka kitovuni hadi ukingoni, na pete ya chuma inayolizunguka. Nilirithishwa na baba mkwe pamoja na mkokoteni wake, nikapiga magoti kushukuru. Sasa ndiyo naelewa kwa nini mzee alikuwa anatabasamu.

Mvua zikiwa zimekatika jana tu, halina neno. Linabeba mpunga, linapita kwenye tope, kimya. Subiri kiangazi kikolee! Jua la Usangu la mwezi wa tisa likilipiga, mti unasinyaa, tindi zinacheza kwenye kitovu kama meno ya bibi, na pete ya chuma inapwaya kama suruali ya marehemu. Juzi pete ilichomoka njiani, ikatutangulia mimi na ng'ombe, ikapita mbele ya kilabu cha pombe. Walevi wakasimama kuipigia saluti.

Nikafanya kama wafanyavyo wote: nikalilaza mferejini usiku kucha. Asubuhi limevimba, limekaza, raha! Kesho yake jioni limekauka, linalia kuliko mwanzo. Wiki nzima gurudumu linaoga, mimi ndoo moja nagombania na watoto.

Mhunzi akanicheka. "Mwanangu, hiyo ni panadol. Mti ukivimba ndani ya chuma unajiponda wenyewe, ukikauka unazidi kunywea. Hapo ni kukata pete."

Akatoa kipande cha upana wa kidole tu, maana ukikaza kupita kiasi gurudumu linajikunja kama bakuli. Akaiunga, tukaizungushia kuni na mavi ya ng'ombe makavu mpaka ikawa nyekundu. Chuma kikishika moto kinatanuka. Watu watatu na koleo, tukaivisha, moshi ukafumuka, maji yakamwagwa haraka mti usiungue. Pete ikanywea, tindi zikabanwa zikalia ko, ko, ko. Watoto wa jirani nao wakachoma mahindi kwenye moto wa kuni nilizonunua mimi. Hata punje sikuonjeshwa.

Nikarudi nyumbani na kopo la grisi, nikakipaka kitovu taratibu, ndani na nje. Mama Neema amesimama mlangoni.

"Baba Neema, visigino vyangu vimepasuka tangu Juni. Mafuta uliniletea lini?"

Nikamwambia grisi imebaki kidogo.

Usiku huo nililala kwenye mkokoteni. Umetulia kweli, hauchezi hata chembe.