Udongo wao unalindwa, wetu tunauonea haya

Ukitaka kuona nyumba ya fito na udongo inayotunzwa kama mboni ya jicho, usiende Muheza, kule Tanga, Tanzania. Njoo Sussex, kusini mwa Uingereza. Pale kijiji cha Singleton kuna makumbusho ya Weald and Downland, yaliyofunguliwa 1970, na ndani yake kuna nyumba iitwayo Bayleaf. Ilijengwa mkoa jirani wa Kent mwanzoni mwa miaka ya 1400, ikiwa makazi ya mkulima mwenye uwezo wake. Miaka ya 1960 lilipochimbwa bwawa la maji, ikafunguliwa boriti kwa boriti ikahamishiwa huku.

Nguzo zake ni za mti wa mwaloni, mgumu kama chuma. Lakini ukiusogelea ukuta unaona fito zilizosukwa, zikakandikwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe na majani makavu. Mtu wa kwetu hapo hahitaji mtembezaji. Madirisha hayana vioo, yana vipande vya mbao vilivyosimamishwa na vibao vya kufunga usiku. Moto unakokwa sakafuni katikati ya ukumbi, dohani hakuna, moshi unajitafutia njia kwenye paa. Na huyo ndiye aliyekuwa tajiri wa kijiji!

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa hivyohivyo, ila ya makuti. Ukumbi umenyooka kutoka mlango wa mbele mpaka uani, vyumba pande mbili, milango ikiwa wazi upepo unapita moja kwa moja. Siku ya kukandika walikuja majirani, wengine wanakanyaga matope, wengine wanachota maji, pilau inachemka nyuma. Mbele baraza, mpita njia anakaa kupumzika bila kumwomba mtu ruhusa.

Sasa hivi pale pana nyumba ya bloku, bati na geti, kwa pesa tulizochanga sisi wa nje. Mchwa hawaisumbui na paa halibadilishwi kila baada ya miaka michache. Hilo nalisifu, maana ukarabati wa makuti ulikuwa unawachosha wazee. Ila saa nane mchana ya Januari ndani hakukaliki. Na baraza halipo kabisa. Wageni wanapiga simu wafunguliwe geti.

Huku nyumba za vijijini zilizojengwa kabla ya 1700, zikibaki karibu na umbo lake la asili, huingizwa kwenye orodha ya kulindwa. Mwenye nyumba akitaka kubadili hata dirisha lazima aombe kibali, na akikaidi ni jinai. Ni kero kweli, na fundi wa kazi hizo ni ghali. Sheria yetu ya mambo ya kale ya 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863, basi nyumba ya udongo itoke wapi hapo? Tunayo Makumbusho ya Kijiji pale Dar es Salaam, yenye nyumba za makabila mbalimbali, lakini wengi wetu Makumbusho tunayoijua ni stendi ya daladala.

Sisemi watu warudi kwenye makuti. Ninachodai ni kidogo: anayetuma pesa ya kujenga amwambie fundi aweke baraza na ukumbi wa kupitisha upepo, hata kama ukuta ni wa bloku. Na kabla ya kubomoa ya zamani, mtu aipime vyumba, aipige picha, amuulize mzee aliyeijenga alikata miti gani na aliifunga vipi.

Nililisema hili kwenye kundi la familia la WhatsApp. Mjomba akajibu, "Wewe unalala kwenye udongo huko?" Nikamwambia hapana, nalala kwenye matofali, ghorofa ya tatu, na jirani wa mlango wa pili simjui jina. Mjomba akatuma kicheko, kisha akauliza pesa ya rangi ya geti itafika lini.